Pumzi kwanza, kidonda baadaye: mwongozo wa kumpima mgonjwa katika kituo cha afya Goma

Kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akiingia kituoni na mguu uliofungwa kitambaa chenye damu, macho ya wote huenda mguuni. Yeye mwenyewe anauangalia, mama yake anauangalia, na muuguzi aliyekesha na zamu ya usiku naye anauinamia, makasi mkononi. Kama mguu haumwagi damu, unaweza kungoja dakika kumi. Pumzi haingoji. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata mpangilio usiompendeza mgonjwa hata kidogo: pumzi kwanza, kisha ngozi, na kidonda mwishoni, hata kama ni kidonda kilichomleta.

Umeandikwa kwa wauguzi wa vituo vya afya vya Goma na pembezoni mwake, na kwa wanafunzi walio kwenye mafunzo ya vitendo, mahali ambapo daktari anaweza kuwa mbali, umeme unakatika, na vifaa ni stetoskopu, kipimajoto, oksimita ya kidoleni (kipima oksijeni ya damu) ikiwepo, na mikono yako.

Kabla ya kumgusa

Mwangaza ndicho kifaa cha kwanza. Balbu ya manjano inaficha umanjano wa macho na weupe wa viganja. Mweke mgonjwa karibu na dirisha mchana. Usiku tumia tochi yenye mwanga mweupe. Tochi ikishikwa kwa mshazari badala ya kumulika moja kwa moja, uvimbe mdogo na vipele huonekana kwa vivuli vyake.

Mwenye homa na vipele asikae kwenye benchi pamoja na wajawazito na watoto wa chanjo. Mpeleke pembeni, mpe barakoa, vaa glavu, kisha ndipo uanze maswali. Nawa mikono mgonjwa akiona. Inampa imani kuliko maneno.

Omba ruhusa kabla ya kufunua mwili. "Mama, ninaomba niangalie mgongo wako" inatosha, na pazia likiwepo livutwe. Mwanamke au msichana akisita sana, usimlazimishe, na umwite mwenzako wa kike. Katika jimbo letu kuna majeraha ambayo hayasemwi mlangoni. Kama kuna ubakaji nyuma yake, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72 na za kuzuia mimba ndani ya siku 5, kwa hiyo faragha hapo ni sehemu ya tiba.

Hatua ya 1: hesabu pumzi, dakika nzima

Anza kutazama mgonjwa anapoingia. Je, anamaliza sentensi moja bila kukatiza ili avute hewa? Ameinama mbele, mikono magotini? Misuli ya shingo inafanya kazi? Mtu anayejibu neno mojamoja yuko hatarini, hata kama anatabasamu.

Kisha hesabu. Usihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Mtoto hupumua kwa vipindi visivyo sawa na hesabu itakudanganya. Mtoto awe ametulia mikononi mwa mama, nguo imepandishwa hadi kifuani. Akilia, ngoja. Akinyonya, mwache amalize. Kwa mipaka ya PCIME (mwongozo wa pamoja wa kutibu magonjwa ya watoto), pumzi ni za haraka zikifika 60 kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa mwenye miezi 2 hadi 11, na 40 kwa mwenye miezi 12 hadi miaka 5. Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 ukipata 60 au zaidi, rudia hesabu kabla ya kuamua. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20. Akifika 25, usimwache peke yake.

Baada ya hesabu tazama sehemu ya chini ya kifua cha mtoto. Mtoto mzima akivuta hewa, kifua na tumbo hupanda pamoja. Ikiwa sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta, na amelala sawasawa bila kulia, huko ndiko kubonyea kwa kifua. Nyama za kati ya mbavu tu zikiingia, hiyo haihesabiwi. Ukiwa na shaka, mbadilishe mkao kwanza: mtoto aliyekunjwa kiunoni huonekana anabonyea hata kama hana shida.

Sikiliza kwa sikio tupu. Mlio mkali anapovuta hewa, mtoto akiwa ametulia, unaonyesha njia ya juu imebana. Usimchungulie koo kwa kijiko, maana unaweza kuifunga kabisa. Mluzi anapotoa hewa unatoka chini zaidi, kwenye mirija ya mapafu. Mtoto mchanga anayeguna kila anapotoa pumzi, pua zikitanuka, anahitaji hospitali, na anahitaji sasa.

Asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri: huyo ana dalili ya hatari bila kujali hesabu yako imesema nini.

Hatua ya 2: rangi na oksimita, na jinsi vyote viwili vinavyodanganya

Vitabu vingi vya uuguzi vilichorwa kwa ngozi nyeupe. Vinasema midomo ya mgonjwa aliyekosa oksijeni "huwa ya bluu". Kwa wengi wetu midomo ina weusi wake wa kuzaliwa, na ukisubiri bluu utachelewa. Mwambie atoe ulimi. Geuza mdomo wa chini uone upande wa ndani. Vuta kope la chini. Ukiona rangi ya kijivu, kama majivu yaliyolowa, mahali palipotakiwa kuwa pekundu, umeshapata jibu. Kucha na viganja vinasaidia, ila asubuhi za baridi hapa kwetu vidole hubadilika rangi hata kwa mtu mzima wa afya, basi ulimi una uzito zaidi.

Oksimita ni rafiki mzuri mwenye tabia mbaya. Futa rangi ya kucha na hina. Pasha kidole joto. Subiri mpaka mapigo yanayosomwa yafanane na yale uliyohesabu kwenye kifundo cha mkono. Yasipofanana, ile asilimia ni namba tu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu mzima wa afya anaweza kusoma chini kidogo ya namba za vitabuni. Chini ya 90 ni upungufu wa oksijeni, mpe oksijeni. Jambo la pili ni zito zaidi: mashine hizi huelekea kusoma juu kuliko ukweli kwa ngozi nyeusi. Utafiti wa Michigan, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta upungufu uliofichwa na oksimita kwa wagonjwa weusi mara karibu tatu ya weupe. Kwa hiyo mtu anayesoma 92 huku anahangaika kupumua, amini unachokiona kuliko kioo cha mashine.

Hatua ya 3: kifua kwa mkono na kwa sikio

Weka viganja viwili mgongoni, vidole gumba vikutane kwenye uti, na umwambie avute hewa kwa nguvu. Upande mmoja ukibaki nyuma, una pa kuanzia. Gonga kidole juu ya kidole, kulia kisha kushoto kwa kimo kilekile. Sikiliza vivyo hivyo, mbele na nyuma, kila mara ukilinganisha pande mbili. Usisikilize juu ya nguo. Najua baridi ipo. Pasha stetoskopu kiganjani.

Mlio wa kuchakacha upande mmoja, pamoja na homa na kikohozi, unaelekeza kwenye nimonia. Ukigonga ukasikia mlio mzito na pumzi hazisikiki, fikiria maji kwenye kifua, na kwetu TB huwa karibu na wazo hilo. Ukigonga ukasikia mlio wa wazi kama ngoma na pumzi hazisikiki, hasa baada ya kipigo au kuanguka na pikipiki, hewa imeingia nje ya pafu. Koromeo likisukumwa upande mmoja na presha ikishuka, ni dharura ya dakika. Mgonjwa wa pumu aliyekuwa anapiga mluzi na sasa kifua kimenyamaza huku amechoka, hajapona. Hewa haipiti tena.

Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinaomba makohozi kupimwa. Uliza jasho la usiku, kupungua uzito, na nani mwingine anakohoa nyumbani. Pendekeza kipimo cha VVU kwa sauti ileile unayotumia kwa malaria.

Maswali ya Goma yasiyo kwenye fishi (karatasi ya mgonjwa)

Unapika wapi, na usiku mbabula, yaani jiko la makaa, inalala wapi? Mvua ikinyesha na baridi ikishuka, familia nyingi huingiza makala (makaa) yenye moto ndani na kufunga mlango. Wakija asubuhi wawili watatu wa nyumba moja, wote wanaumwa kichwa, wanatapika, wana usingizi, wala hawana homa, usiandike malaria haraka. Gesi ya makala hushika damu mahali pa oksijeni, na oksimita huihesabu kuwa oksijeni: itakuonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Hapo unatoa oksijeni nyingi kadiri uliyo nayo kwa kufuata kisa, kioo cha mashine ukikiacha. Na uulize nani amebaki nyumbani.

Umetoka mtaa gani, na mtoto alikuwa anachezea wapi? Kwenye mabonde na mashimo ya mawe ya volkano, hasa upande wa magharibi wa mji kando ya ziwa, kuna mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, haina rangi, inatuama chini hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mbuzi hufa, na mtoto hufa kabla ya mtu mzima kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Anayeletwa amezimia kutoka mahali kama hapo anahitaji hewa safi, oksijeni na kusaidiwa kupumua. Waliomleta waambiwe wasirudi shimoni kumtafuta mwingine, kwa kuwa waokoaji huanguka palepale.

Mwenye pumu umuulize pia kama jivu au moshi wa volkano ya Nyiragongo ulielekea kwao siku hizo. Moshi wa salfa hubana mirija, na siku kama hizo wanakuja wengi kwa pamoja.

Hatua ya 4: ngozi yote

Kutazama ngozi kunaanza na mgongo wa mkono wako. Uwekundu wa ngozi inayowaka hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi. Utaona weusi uliozidi, zambarau, au mng'ao wa kunyooka. Mkono unahisi kabla jicho halijaona: joto, ugumu, maumivu. Linganisha upande mzima na ulio mgonjwa, mguu kwa mguu, shavu kwa shavu.

Upungufu wa damu utazame viganjani na ndani ya kope. Umanjano utazame kwenye weupe wa macho na paa la mdomo. Ukahawia wa pembeni mwa jicho kwa watu wazima wengi ni wa kawaida. Madoa ya damu chini ya ngozi yatafute ndani ya mdomo. Kwa mtoto, bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa sekunde chache: shimo likibaki pande zote, ni uvimbe wa utapiamlo mkali, na mara nyingi ngozi yake inabanduka kama rangi ya ukuta. Kumbuka pia kwamba kwa mtoto aliyekonda sana, ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi haimaanishi lazima kakaukiwa maji.

Fungua nywele. Chini ya misuko kuna mabaka, usaha na chawa ambavyo havionekani ukitazama usoni tu. Uliza pia, bila kukunja uso, kuhusu losheni za kung'arisha ngozi. Nyingi zina dawa kali zinazofuta ukingo wa choa mpaka kisitambulike, na choa kinaendelea kutambaa chini yake.

Vipele vyenye homa vina uzito wa pekee kwetu. Aina ya mpox iitwayo Ib ilijulikana kutoka Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, ikafika hadi kambi za waliokimbia vita karibu na Goma. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024 na kuiondoa Septemba 2025. Ugonjwa wenyewe haukuondoka na tangazo. Malengelenge yake ni magumu, yamezama, mengi yana kishimo katikati, na katika sehemu moja ya mwili huwa hatua moja. Viganja na nyayo havisalimiki, na tezi za shingoni au kinenani huvimba. Kwa watu wazima uliza kwa adabu kuhusu sehemu za siri, kwa kuwa wengi huanzia hapo. Tetekuwanga kwa kawaida huja kwa mafungu: kipele kipya, lengelenge na gamba pamoja, kiwiliwili kuliko mikono. Surua huanza usoni na nyuma ya masikio, pamoja na macho mekundu, mafua na kikohozi. Ndiyo maana umeshahesabu pumzi. Lakini mpox na tetekuwanga hufanana mno kwa watoto. Tenga, chukua sampuli, toa taarifa kwa zoni ya afya.

Kinachowasha usiku, kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na nyumba nzima wanajikuna, ni upele. Tibu nyumba nzima siku moja au usitibu kabisa. Baka lililopauka lisilohisi mguso wa pamba ni la ukoma mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Hatua ya 5: sasa kidonda

Maswali manne kabla ya kufungua bandeji: kilitokeaje, lini, umekipaka nini, chanjo ya pepopunda ya mwisho lini. Swali la tatu liulize kwa upole. Unga wa kapsuli za tetrasiklini, dawa ya meno, yai, majani yaliyosagwa: ukimkemea mtu leo, kesho atakaa na kidonda nyumbani. Ongeza sukari ya damu na VVU ikiwa kimekawia.

Bandeji iliyogandamana ilowanishe, usiivute. Osha kwanza, ndipo upime, kwa sababu usaha mkavu na majani huficha kila kitu. Maji ya chumvi ya hospitali ni mazuri. Yakikosekana, maji yaliyochemka na kupoa, au maji safi ya kunywa, na yawe mengi. Maji yaliyochotwa ziwani hayagusi kidonda bila kuchemshwa au kutiwa klorini. Kama ameumwa na mbwa, osha kwa maji na sabuni dakika 15 nzima kabla ya jambo lingine lolote, kisha mpeleke apate chanjo ya kichaa cha mbwa.

Pima urefu, upana na kina kwa sentimita. Kina kipimwe kwa kijiti safi cha pamba. Handaki chini ya ngozi lielezwe kwa saa, kichwa cha mgonjwa kikiwa saa 12 ya mshale: "handaki sm 3 kwenye saa 4". Halafu sakafu ya kidonda: nyekundu yenye chembechembe ni nyama mpya, njano inayoteleza ni utando, nyeusi ni nyama iliyokufa. Kadiria kwa sehemu, robo hii, nusu ile. Andika majimaji (kiasi, rangi), harufu baada ya kuosha, kingo, na ngozi ya pembeni sentimita chache kuzunguka.

Usisahau chini ya kidonda. Kijana wetu wa chukudu aliyekatwa na jiwe la volkano au kubanwa na gurudumu la mbao: je, mapigo ya mguu yapo? Anahisi kila kidole? Anakinyanyua? Mkato mdogo unaweza kuwa umekata mshipa wa kano, na asipoulizwa leo atachechemea maisha yake yote.

Kidonda kichafu, kilichokawia, cha kuumwa na mnyama, cha risasi au kipande cha bomu hakishonwi siku ya kwanza. Upasuaji wa vita una kanuni hiyo kwa sababu nzuri: toa nyama iliyokufa, acha wazi chini ya kompresi kavu, shona baada ya siku 4 hadi 7 kikiwa safi. Najua familia hudai nyuzi. Waeleze kwamba kushona uchafu ndani ni kuufungia mlango. Tundu la kifuani linalovuta hewa funika kwa kitu kisichopitisha hewa, ukibandika pande tatu tu, kisha safari.

Maumivu makali kuliko kidonda kinavyoonekana, ngozi inayogeuka zambarau au kutoa malengelenge, mchakacho wa hewa chini ya vidole unapobonyeza, harufu mbaya na mapigo ya haraka: huo ni uozo unaokimbia. Anza antibiotiki za itifaki yenu na umsafirishe usiku huohuo.

Moto una sheria zake. Maji baridi yanayotiririka dakika 20 bado yanasaidia ndani ya saa 3 za kwanza, barafu hapana. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Mtoto akifika asilimia 10, mtu mzima 15, ni wa hospitali, vivyo hivyo uso, mikono, sehemu za siri na umeme. Sauti iliyokwaruza, masizi puani, nywele za pua zilizoungua, rudi hatua ya 1: koo linavimba. Bomba la pikipiki huunguza shavu la mguu kidogo tu kwa upana, lakini mara nyingi kwa kina. Choma kidogo kwa ncha ya sindano pembeni na katikati uone kama anahisi.

Aliyelazwa muda mrefu, aliyevunjika mfupa au kupooza, mgeuze na utazame kiuno cha nyuma, visigino, nyonga, nyuma ya kichwa. Kwa ngozi nyeusi kidonda cha kulala huanza bila wekundu: sehemu nyeusi zaidi, ngumu au laini kama tope, yenye joto au ubaridi tofauti na jirani yake. Ukikiona hapo bado kinazuilika kwa kumgeuza kila saa 2. Kikipasuka, ni miezi.

Kidonda kisichopungua kwa wiki 4 hadi 6 licha ya usafi kinahitaji swali jipya, si dawa mpya: sukari, mzunguko wa damu, TB ya ngozi, saratani.

Kwenye fishi

Andika unachokiona, siyo unachohisi. "Kidonda kinaendelea vizuri" haimsaidii mwenzako wa zamu. "Muundi wa kushoto, sm 4 × 2.5, kina 0.5, nyekundu robo tatu, njano robo, majimaji kidogo, hakuna harufu, mapigo ya mguu yapo, pumzi 18" inamsaidia. Chora mguu na uweke alama. Picha ya simu ipigwe kwa ruhusa, bila uso, na isisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp ya familia ya mtu.

Anayepelekwa hospitali kuu ya rufaa aende na karatasi yenye saa: pumzi saa ngapi, oksijeni asilimia ngapi akiwa na hewa ya kawaida, dawa gani imetolewa na saa ngapi. Piga simu kabla hajafika. Anayerudi nyumbani arudi kesho au keshokutwa kwa bandeji, na aambiwe mbele ya mtu wa nyumbani nini kimlete mapema: homa, harufu, uvimbe unaopanda, kidole kinachokufa ganzi, au pumzi inayokatika.